Krete, Kisiwa cha Tito: Safari ya Barabara na Suala la Kusameheana

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia kisiwa cha Krete hutajwa mara chache. Hutajwa tunaposoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, Paulo akisafirishwa kuelekea Rumi. Na hutajwa tena tunapofika kwenye Waraka kwa Tito. Hapo, katika mstari wa 12 wa sura ya kwanza, mwandishi anarudia usemi wa mtu mmoja wa kisiwa hicho, ambaye mapokeo ya kale humtaja kuwa Epimenide, akiwashutumu wenzake wote kwa uongo, ukali wa kinyama na ulafi. Darasa hucheka, mwalimu naye hucheka, kisha somo huendelea. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na katika mahubiri nimewahi kulitumia jina la Wakrete kana kwamba ni jina jingine la watu wasioaminika.

Nilipata nafasi ya kuhudhuria mkutano wa makanisa katika kisiwa hicho. Baada ya mkutano, mchungaji mwenzangu nami tulikodi gari dogo na kuzunguka sehemu za kati na za magharibi kwa muda wa siku tano: kutoka Heraklion kuelekea kusini hadi Gortyn na Bandari Nzuri, kisha Rethymno na Arkadi, kupanda na kushuka milima hadi Sfakia, halafu Chania, Maleme, Kolymbari na Kandanos. Sehemu ya mashariki hatukuifikia.

Nia ya makala hii ni kueleza yale ambayo barabara hiyo ilinifundisha kuhusu historia ya watu wa Krete, na hasa kuhusu jambo moja: nini hutakiwa ili watu waliotendeana maovu makubwa waweze kusameheana kweli. Jambo hilo linatuhusu sisi Walutheri wa Tanzania kwa sababu ambayo nitaieleza mwishoni.

2. Kisiwa na watawala wake

Krete ina urefu wa kilomita 260 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, lakini upana wake ni kati ya kilomita 12 na 60 tu. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 8,300 na kidogo, yaani karibu mara tano ya kisiwa cha Unguja. Uti wa mgongo wake ni milima. Katikati upo mlima Psiloritis, unaoitwa pia Ida, wenye urefu wa mita 2,456. Magharibi iko Milima Myeupe, ambayo kilele chake cha juu hupungukiwa na mita tatu tu kuufikia Psiloritis. Mashariki upo Dikti, wenye mita 2,148. Kwa sababu hiyo barabara kuu inashika pwani ya kaskazini. Anayetaka kwenda kusini hana budi kuvuka milima kwa barabara nyembamba zenye kona kali, akipita mashamba ya mizeituni, mbuzi na mabonde yenye kina cha kutisha.

Kando ya kona nyingi yapo masanduku madogo yaliyotengenezwa kwa mfano wa kanisa, yamesimamishwa juu ya nguzo, na ndani yake mna picha takatifu na taa ya mafuta. Mwenyeji mmoja alitueleza kwamba baadhi huwekwa mahali mtu alipofia, na mengine mahali mtu alipoponea. Baada ya saa chache tulizoea kupunguza mwendo kila tulipoliona moja. Ilitudhihirikia mapema kwamba tuko katika nchi ambayo wafu hawaachwi bila alama.

Tukio la kale si tukio pekee la kisiwa hiki. Warumi walikiteka mwaka 67 kabla ya Kristo. Waarabu walikitawala tangu miaka ya 820 hadi 961, ndipo Wabizanti wakakirudisha mikononi mwao. Kuanzia mwanzo wa karne ya 13 kilikuwa chini ya dola ya Venice, mpaka mwaka 1669, ambapo mji wa Candia, yaani Heraklion ya leo, uliangukia mikononi mwa Waturuki wa dola ya Osmani baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka 20. Utawala wa Osmani ulikwisha mwaka 1898, na tarehe 1 Desemba 1913 Krete iliunganishwa rasmi na Ugiriki. Kila mtawala aliacha kuta, kodi na makaburi.

3. Heraklion: kichwa kilichorudi

Safari yetu ilianzia katika kanisa la Mtakatifu Tito mjini Heraklion. Jengo la sasa lilijengwa kama msikiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1856, na likageuzwa kuwa kanisa katika karne ya 20. Ndani yake hutunzwa fuvu ambalo Wakrete huliheshimu kuwa la Tito, mwenzi wa Paulo, ambaye mapokeo ya Kanisa husema alikuwa askofu wa kwanza wa kisiwa.

Watu wa Venice walipouacha mji huo mwaka 1669 walilichukua fuvu hilo pamoja nao, likawekwa katika kanisa la Mtakatifu Marko. Halikurudi hadi mwaka 1966. Kwa muda wa miaka 297 waumini wa Krete waliadhimisha sikukuu ya mwalimu wao huku kichwa chake kikiwa ng'ambo ya bahari.

Sisi Walutheri hatuna desturi ya kuheshimu mabaki ya watakatifu, nami nilisimama mbele ya chombo kile nikiwa na mashaka ya mtu aliyesoma Matengenezo ya Kanisa. Hata hivyo niliona akina mama wakiingia na vikapu vyao vya sokoni, wakisimama kidogo, wakajifanyia ishara ya msalaba na kutoka. Nilitambua kwamba, licha ya tofauti zetu za mafundisho, lipo jambo la haki hapa ambalo mtu wa Afrika hahitaji kufafanuliwa. Kichwa cha mzee wa ukoo kikichukuliwa, ukoo haupumziki. Kikirudishwa, jambo fulani hukamilika hata kama waliokichukua wamekwisha kufa.

4. Gortyn na Bandari Nzuri

Kutoka Heraklion tulivuka milima ya katikati na kuteremka katika uwanda wa Messara, mpana na wenye rutuba. Hapo ndipo palikuwa na Gortyn, makao makuu ya jimbo la Kirumi la Krete na Kirene. Magofu ya kanisa kubwa la Tito, la karne ya sita hivi, yamesimama kati ya mizeituni. Karibu nayo upo ukuta wa mawe wenye sheria maarufu ya Gortyn, iliyochongwa katika karne ya tano kabla ya Kristo, mistari yapata 600. Mstari mmoja husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na unaofuata kutoka kushoto kwenda kulia, kama maksai walimapo shamba.

Sheria hiyo inahusu ndoa, urithi, mali na watumwa. Si sheria ya usawa kama tunavyoutaka leo, kwa maana inampima mtumwa kwa kipimo kingine na mtu huru kwa kingine. Lakini inasema kwamba mwanamke akiachwa na mumewe hutoka na mali aliyokuja nayo. Nikiwa mbele ya ukuta huo nilikumbuka mashauri ya wajane katika sharika zetu, na jinsi ndugu wa marehemu wanavyoingia nyumbani kabla udongo wa kaburi haujakauka. Watu walioandika sheria kama ile karne nyingi kabla ya Tito kuzaliwa hawawezi kuelezwa kikamilifu kwa usemi mmoja wa matusi.

Jirani na magofu kipo kijiji kinachoitwa Agioi Deka, yaani Watakatifu Kumi. Mapokeo yanasema kwamba hapo Wakristo kumi wa Krete waliuawa kwa ajili ya imani wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius, mwaka 250. Basi, karibu miaka mia mbili baada ya safari ya Paulo, wapo watu wa kisiwa hicho waliokatwa vichwa kwa sababu walikataa kusema uongo wa maneno machache mbele ya madhabahu ya Kaisari.

Kusini ya uwanda barabara inapanda tena milima mikavu, kisha inateremka ghafla baharini katika Bandari Nzuri, ambayo kwa Kiyunani bado inaitwa Kali Limenes. Ni ghuba ndogo, na katika kisiwa kidogo kilicho mbele yake, chenye jina la Mtakatifu Paulo, yamejengwa matangi ya mafuta ya meli. Msomaji atakumbuka kwamba hapa Paulo aliwashauri wasiendelee na safari, kwa kuwa majira ya hatari yalikuwa yamefika. Ofisa aliyewasimamia wafungwa aliwasikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko mfungwa wake. Walitaka kufika Foinike, bandari nyingine ya Krete iliyo magharibi zaidi, lakini dhoruba ikawachukua. Ukiitazama bandari yenyewe unaelewa kosa lao. Ni mahali pa upweke pasipo mji mkubwa, na watu walitaka majira ya baridi yenye starehe.

5. Milima, monasteri na baruti

Kutoka Messara tulielekea kaskazini-magharibi kupitia Spili. Kusini ya njia hiyo, juu ya bahari ya Libya, ipo monasteri ya Preveli. Mwaka 1941, baada ya Ujerumani kuiteka Krete, mkuu wake, Agathangelos Lagouvardos, aliwaficha na kuwalisha askari wa Uingereza, Australia na New Zealand walioachwa nyuma, na wengi wao wakachukuliwa usiku kwa nyambizi. Wajerumani walipogundua waliipora monasteri.

Arkadi, juu ya Rethymno, ina habari nzito zaidi. Mwezi Novemba 1866, wakati wa uasi dhidi ya utawala wa Osmani, watu zaidi ya 900 walikimbilia ndani ya kuta za monasteri hiyo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Jeshi la maelfu liliwazunguka. Lango lilipovunjwa tarehe 9 Novemba, waliokuwa katika ghala la baruti waliliwasha, wakafa pamoja na askari wengi walioingia. Ghala hilo halina paa hadi leo. Nje ya lango ipo nyumba ndogo ya mifupa, na katika kabati la vioo yamepangwa mafuvu ya waliokufa, baadhi yakiwa na alama za silaha.

Hapo mwenzangu aliniuliza kama Kanisa lilifanya vema kuhifadhi baruti chini ya madhabahu. Tulilijadili swali hilo njia nzima bila kukubaliana. Yeye alisema kwamba mchungaji hawezi kuwafukuza watu wanaokimbia upanga, na waliokimbilia ndani walikuja na silaha zao. Mimi nilisema kwamba Kanisa likishaitwa ngome ni vigumu kulirudisha kuwa kanisa. Naliacha swali hilo kwa msomaji.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Waislamu wa Krete wengi wao walikuwa wazaliwa wa kisiwa, wakisema Kiyunani kama jirani zao. Katika machafuko ya mwaka 1897 mamia yao waliuawa na Wakristo katika eneo la Sitia, mashariki ya kisiwa. Na kwa makubaliano ya mwaka 1923 kuhusu kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, Waislamu waliosalia walihamishwa wote, wakapelekwa katika nchi ambayo wengi hawakujua lugha yake. Mnara wa msikiti wa Neratze ungali umesimama Rethymno. Nilitafuta mahali ambapo waliouawa Sitia wamewekewa mafuvu yao katika kabati la vioo, sikupaona katika njia tuliyopita. Kila taifa hukumbuka kwa urahisi wafu wake lenyewe.

6. Sfakia na Chania

Siku ya tatu tulivuka Milima Myeupe hadi Sfakia, pwani ya kusini. Mabango ya barabara huko yametobolewa kwa risasi za watu wanaojaribu bunduki zao. Barabara inateremka kutoka uwanda wa Askifou kwa kona nyingi hata masikio yakaziba. Kwa njia hiyo, mwishoni mwa Mei 1941, maelfu ya askari wa Uingereza, Australia na New Zealand walishuka kwa miguu ili wachukuliwe na meli, na maelfu wengine wakaachwa ufukweni wakatekwa. Magharibi kidogo kipo kijiji cha Loutro, ambacho hufikiwa kwa mashua au kwa miguu tu. Wataalamu wengi hudhani kwamba hapo ndipo palipokuwa Foinike, bandari ambayo meli ya Paulo haikuifikia.

Tulirudi kaskazini hadi Chania, mji mzuri wenye bandari ya watu wa Venice. Katika vichochoro vyake lipo sinagogi la Etz Hayyim. Mwisho wa Mei 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wote wa mji huo, wakawapakia katika meli iitwayo Tanais pamoja na wafungwa wa Kigiriki na wa Kiitalia. Tarehe 9 Juni meli hiyo ilipigwa na nyambizi ya Uingereza, ambayo haikujua iliyobeba. Wayahudi zaidi ya 250 walizama, na jumuiya iliyodumu kisiwani kwa zaidi ya miaka elfu mbili ikatoweka usiku mmoja. Tusisahau kwamba siku ya Pentekoste, kwa mujibu wa Matendo sura ya 2, wapo Wayahudi kutoka Krete waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yao. Wazao wa jumuiya ile ile ndio waliozama. Sinagogi lilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 1999, na mwezi Januari 2010 watu walilichoma moto mara mbili. Limekarabatiwa tena.

7. Maleme: kaburi la adui

Magharibi ya Chania upo uwanja wa ndege wa Maleme. Tarehe 20 Mei 1941 maelfu ya askari wa miavuli wa Ujerumani walishuka hapa na mahali pengine kisiwani. Walikutana na majeshi ya Uingereza na washirika wake, na pia na raia, wazee, wanawake na mapadri, waliopigana kwa bunduki za babu zao, mundu na visu. Wajerumani walishinda, lakini kwa hasara kubwa. Kwa hasira ya hasara hiyo Jenerali Kurt Student alitoa amri ya kulipiza kisasi juu ya vijiji. Tarehe 2 Juni wanaume wa Kondomari walipigwa risasi katika shamba la mizeituni, na picha za mauaji hayo zipo, zimepigwa na mpiga picha wa jeshi hilo hilo. Student hakuhukumiwa kamwe kwa mauaji ya raia wa Krete. Majenerali wengine wawili waliowahi kuwa makamanda wa kisiwa, Bruno Bräuer na Friedrich-Wilhelm Müller, walihukumiwa na kupigwa risasi Athene tarehe 20 Mei 1947, siku ile ile ya kumbukumbu ya uvamizi.

Juu ya kilima kinachoutazama uwanja huo wamezikwa Wajerumani wapatao 4,400. Mawe yamelazwa chini, na kila jiwe lina majina mawili. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka 19, 20, 21. Mifupa yao ilikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za kisiwa karibu na mwaka 1960, na kwa kuwa hapakuwa bado na makaburi, iliwekwa katika monasteri ya Gonia, Kolymbari, kwa miaka mingi. Watawa wa Krete ndio walioitunza mifupa ya watu walioshuka na bunduki kuwaua jamaa zao. Makaburi yalifunguliwa mwaka 1974.

Miongoni mwa walinzi wa makaburi hayo walikuwamo Manolis Paterakis na George Psychoundakis, ambao wakati wa vita walikuwa wapiganaji wa upinzani. Psychoundakis (1920–2006) alikuwa mchungaji wa kondoo kutoka kijiji cha Asi Gonia, aliyekimbia milimani usiku na mchana akipeleka barua za siri dhidi ya Wajerumani. Baada ya vita alifungwa na serikali yake mwenyewe kwa kudhaniwa kuwa mtoro wa jeshi. Baadaye akawa mtu wa kufyeka nyasi na kumwagilia maua juu ya makaburi ya adui zake, akiwamo Jenerali Bräuer, ambaye mifupa yake imezikwa hapo. Ilikuwa kazi ya mshahara, nasi tusiifanye ngano ya malaika. Lakini nakiri kwamba nimehubiri mara nyingi juu ya kumpenda adui, wala sijapata kumwona mtu aliyelitenda neno hilo kwa jembe kwa miaka mingi.

Kolymbari ndipo palipojengwa Chuo cha Kiorthodoksi cha Krete, kilichofunguliwa mwaka 1968. Mwanzilishi wake alikuwa Askofu Irineos Galanakis (1911–2013), pamoja na Alexandros Papaderos, ambaye alipokuwa mtoto alifungwa na Wajerumani na baadaye akaenda kusoma Ujerumani. Irineos ndiye pia aliyewaongoza wananchi kuanzisha kampuni yao ya meli, baada ya meli ya abiria Heraklion kuzama mwezi Desemba 1966 na kuua watu zaidi ya 200. Katika chuo hicho ndipo Baraza Kuu la Makanisa ya Kiorthodoksi lilipokutana Juni 2016. Kimejengwa jirani kabisa na monasteri iliyotunza mifupa ile, na kazi yake tangu mwanzo imekuwa kuwakutanisha watu waliogawanyika, wakiwamo Wajerumani na Wakrete.

8. Kandanos: jiwe na maji

Siku ya mwisho tulipanda hadi Kandanos, kilomita kadhaa kusini ya barabara kuu. Tarehe 3 Juni 1941 askari wa Ujerumani walikiteketeza kijiji hiki na kuwaua wakazi wapatao 180. Kisha wakaweka maandishi kwa Kijerumani na Kiyunani yanayosema kwamba kijiji kimeangamizwa kwa sababu ya kuuawa kwa askari wa Ujerumani, na kwamba hakitajengwa tena kamwe.

Kijiji kimejengwa tena. Na nakala za maandishi yale yamewekwa na wanakijiji wenyewe katika uwanja wao, kwenye mnara wa kumbukumbu, ili kila mgeni ayasome. Wangeweza kuyavunja. Walichagua kuyahifadhi, maneno ya mwuaji yakiwa shahidi dhidi yake.

Katika miaka ya 1960 vijana wa shirika la Aktion Sühnezeichen walikuja hapa kujenga mtambo wa maji. Shirika hilo lilizaliwa katika sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani mwaka 1958, kwa wito wa hakimu Lothar Kreyssig, ambaye wakati wa Hitler alithubutu kupinga mauaji ya wagonjwa wa akili. Wito wake uliyataka mataifa yaliyoumizwa yawaruhusu Wajerumani watende jambo jema kwa mikono yao, kama ishara. Utaratibu huo ni wa kutazamwa kwa makini. Aliyekosa haombi tu kusamehewa, bali anaomba ruhusa ya kuja. Uamuzi unabaki kwa aliyekosewa.

Tarehe 31 Oktoba 2024, ambayo kwetu ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Kandanos, akaomba msamaha kwa jina la Ujerumani. Wapo waliomwitikia kwa heshima, na wapo waliopaza sauti kudai haki na fidia. Serikali ya Ujerumani husema kwamba suala la fidia limekwisha kisheria, lakini Ugiriki haikubali. Hivyo ombi la msamaha lilitamkwa mahali ambapo deni lenyewe bado linabishaniwa, na wanaolidai wangali hai.

9. Hitimisho

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni letu. Mwaka mmoja pungufu siku moja kabla ya hapo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais huyo huyo alisimama Songea, akaomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zetu katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambamo wanahistoria wengine hukadiria kwamba watu hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba. Alikutana na wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Ukoo wake umekuwa ukilitafuta fuvu lake, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani. Nami nilipokuwa mbele ya fuvu la Tito mjini Heraklion, nililikumbuka hilo.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna shida ya pekee katika habari hii. Injili tuliyo nayo ililetwa kwa sehemu kubwa na watu wa taifa lile lile. Misheni ya Berlin ilikuwa imefika Nyanda za Juu Kusini tangu mwaka 1891. Kwa shukrani, na labda kwa aibu, tumezoea kunyamaza kuhusu Maji Maji kanisani. Tumedhani kwamba kunyamaza ndiko kusamehe. Barabara ya Krete imenifundisha vingine.

Kwanza, msamaha wa kweli unahitaji kumbukumbu iliyoandikwa: jina la kijiji, tarehe, hesabu ya waliokufa, na jina la aliyetoa amri. Watu wa Kandanos hawakuling'oa jiwe ili wageni wajisikie vizuri.

Pili, wafu wa pande zote wana haki ya kaburi. Wakrete waliitunza mifupa ya adui hadi ikapata mahali pa kulala. Basi tunaweza kusema bila chuki kwa ndugu zetu wa Ujerumani: mifupa ya watu wenu ilihifadhiwa monasterini Gonia, na mifupa ya watu wetu iliyo katika maghala ya makumbusho yenu irudi nyumbani. Ombi hilo halipingani na Injili. Linatoka ndani yake.

Tatu, msamaha ni zawadi ya aliyeumizwa. Hauwezi kudaiwa na aliyekosa, wala kutolewa kwa niaba yake na askofu au serikali. Kazi ya Kanisa ni kuandaa mahali pa kukutania, kama Askofu Irineos alivyofanya Kolymbari, na kusubiri.

Kuhusu mstari wa 12 wa Waraka kwa Tito, nimeacha kucheka darasani. Sasa nawaambia wanafunzi wangu waendelee kusoma hadi sura ya 2 mstari wa 11, ambapo waraka ule ule, ulioandikwa kwa askofu wa kisiwa kile kile, unatangaza kwamba neema ya Mungu imefunuliwa ikiwaokoa wanadamu wote. Kisha nawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja arudi usharikani kwake, awaulize wazee ni nani walikufa katika Maji Maji na wamezikwa wapi, na alete majina.